Nyuzi Ishirini na Moja

"Nani ameigusa hii piano?"

Ketill aliuliza hata kabla hajakaa vizuri kwenye kigoda. Mkono mmoja ulikuwa juu ya piano, mwingine juu ya kompyuta, na damu yote ilikuwa imemtoka usoni.

Dagný alikuwa mlangoni mwa ukumbi, soksi miguuni, vikombe viwili vya kahawa mikononi, na tabasamu alilolitunza tangu jana likisubiri zamu yake.

"Mimi," alisema. "Nilitaka kukushtukiza."

"Umeifanya nini?"

"Nimeituni, Ketill. Nimeikaza yote, kuanzia uzi wa kwanza mpaka wa mwisho. Jana ulivyoondoka tu kwenda mjini Akureyri kufuata spika, nikavua koti. Nimemaliza leo asubuhi. Uulize mgongo wangu."

Alitegemea kukumbatiwa, au walau kushukuriwa. Badala yake Ketill alibonyeza sauti moja kwenye piano, kisha akaiita sauti ileile kutoka kwenye kompyuta. Spika mpya zikaitoa. Zile sauti mbili zilipokutana hewani zikaanza kugombana, waa-waa-waa-waa, mpaka vioo vya madirisha vikaitikia.

Dagný alikuwa fundi piano. Hakuhitaji kuelezwa. Kahawa ilimmwagikia kidoleni na hata hakuisikia.

"Mashine yako iko chini," alisema polepole.

"Mashine yangu iko palepale piano ilipokuwa! Miezi minne nimeishusha mashine ifuate piano, sauti moja baada ya nyingine. Wewe umekuja kwa siku moja ukaipandisha piano."

"Ilikuwa imeshuka! Kila mwenye masikio alijua imeshuka!"

"Nilijua! Ndiyo maana niliipenda!"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Onyesho lilikuwa saa kumi na moja jioni.

Sasa ngoja nikueleze walifikaje hapo, maana ugomvi wa namna hii hauanzi siku unaposikika.

Ketill alikuja Hólsvík mwezi wa pili, theluji ikiwa juu ya magoti, akiwa na gari lililojaa nyaya. Kazi yake ilikuwa kutunga muziki ambao hata waandishi wa magazeti walikosa jina la kuupa. Alipiga piano taratibu, kipande cha sufu kikiwa katikati ya nyundo na nyuzi ili isilie kwa ukali, na chini yake aliweka milio mirefu ya kompyuta na vinanda vya umeme, milio inayokuja na kuondoka kama ukungu wa hori. Berlin walimtaka. Tokyo walimtaka. Yeye alitaka piano moja tu, ile kuukuu ya ukumbi wa kijiji cha Hólsvík.

Piano hiyo ilikuwa na historia yake. Mtu wa mwisho kuigusa kwa ufunguo wa kukazia nyuzi alikuwa Torfi, fundi piano wa pwani yote ya kaskazini. Aliituni majira ya kuchipua, na vuli ya mwaka uleule akafariki. Binti yake Dagný alirithi begi, ufunguo na gari bovu. Kwa miaka saba alizunguka fjodi zote, hori ndefu za pwani ile, akituni piano za makanisa na za shule. Ya ukumbi wa kwao hakuigusa. Iliendelea kushuka kidogo kidogo, kama mtu anayezungumza amekaa badala ya kusimama, naye akaiacha hivyo. Mkono wa baba yake ulikuwa bado mle ndani.

Ketill alikuja kuazima kitambaa cha sufu, akarudi kuazima bisibisi, mwishowe akawa anakuja bila kuazima chochote, anakunywa kahawa na kuuliza habari za Torfi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Shangazi Svanlaug, dada yake Torfi, alilisema hilo wakiwa wamezama mpaka shingoni kwenye bwawa la maji moto, mbele ya nusu ya kijiji:

"Dagný, yule mwanamume wako wa nyaya, hana kahawa kwake?"

"Si mwanamume wangu, shangazi."

"Basi mwambie alipie kahawa."

Watu walicheka hadi maji yakamwagika. Lakini wao wenyewe, Ketill na Dagný, walikuwa hawajaambiana neno hata moja. Na ilivyokuwa kwenye mapenzi ndivyo ilivyokuwa kwenye piano. Wiki mbili kabla ya onyesho Dagný alimuuliza:

"Piano utaipiga hivyohivyo, mbele ya wageni kutoka Reykjavík?"

Ketill akainama juu ya nyaya zake, akajibu neno ambalo watu wa nchi ile hulijibu kwa kila kitu, iwe paa limeezuliwa au mchumba amekimbia:

"Itajipanga."

Dagný akalichukua neno hilo nyumbani akalitafsiri anavyojua yeye. Anaionea aibu ile piano, akajisemea, ila anaogopa kunigusa kidonda. Akalala nalo siku kumi na tatu. Siku ya kumi na nne akafungua begi la baba yake, akalia kidogo, akaanza kukaza.

Ndiyo hali waliyokuwa nayo mchana ule.

"Basi ipandishe hiyo kompyuta!" Dagný alisema. "Si unabonyeza tu?"

"Nikiipandisha si yeye tena."

"Si nani?"

Simu ya Ketill ikalia juu ya piano. Ilikuwa Bergdís, meneja wake, ambaye alikuwa njiani akiwaleta wageni kwa basi.

"Bergdís, hapana... Piano haielewani na mashine. Hapana, si kidogo... Ndiyo. Ndiyo, najua watu wa Berlin wamo kwenye basi... Basi andika tangazo. Sema tumeahirisha... Ndege ya kesho iko palepale. Nitasaini hukohuko."

Dagný alilisikia neno ndege, akalisikia neno kusaini. Kusaini huko alikujua: miaka miwili Berlin, wampe studio, wampe kila kitu.

"Kwa hiyo unaondoka," alisema.

"Dagný, tafadhali. Niache nifikiri."

"Nilimtoa baba yangu mle ndani kwa ajili yako! Kwa mikono yangu hii!"

"Sikukuomba!"

Dagný aliweka vikombe chini, akatoka. Viatu vyake vilikuwa pale mlangoni anapoviacha kila mtu, akavipita. Alivuka kokoto zote hadi nyumbani kwa shangazi yake akiwa na soksi.

*

Svanlaug alikuwa jikoni mbele ya sufuria ya mafuta, anakaanga maandazi ya kusokota ya wageni mia mbili. Alitazama miguu ya Dagný kabla ya uso.

"Aliyekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeharibu kila kitu." Akasimulia yote, akipangusa pua kwa mkono wa sweta.

Svanlaug alisikiliza huku anageuza maandazi. "Yeye alikwambia anataka ituniwe?"

"Alisema itajipanga."

"Mwanangu. Mtu wa nchi hii akikwambia itajipanga, hajakwambia kitu. Mume wangu aliniambia hivyo kuhusu bomba la bafuni mwaka niliomzaa Egill. Egill sasa ana kipara."

Dagný alicheka bila kutaka, kisha akalia zaidi. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Samahani kwa ukali wangu. Sikiliza hii mpaka mwisho. Ukimaliza nichukie ukipenda. K."

Chini ya ujumbe kulikuwa na faili la muziki. Jina lake lilikuwa neno moja tu: Torfi.

Dagný alilibonyeza. Svanlaug akaichukua simu, akaitumbukiza kwenye bakuli tupu la bati ili isikike vizuri, akazima jiko.

Ilianza na ukimya wa ukumbi, ubao ukilalamika mahali fulani. Kisha sauti moja ya piano ile, ya chini kidogo ya ilivyopaswa kuwa, ikaja peke yake. Chini yake ikapanda sauti nyingine, ndefu sana, na baada ya muda Dagný akaelewa kwamba ni sauti ileile. Ketill alikuwa amerekodi kila kibonyezo cha piano ya baba yake, akavuta kila mlio kwa mashine mpaka ukawa mrefu kuliko pumzi ya binadamu. Kila kilichosikika, upepo ule, barafu ile, yale yaliyofanana na watu wengi wakiimba mbali sana, yote yalikuwa yametoka ndani ya piano moja. Hakukuwa na kitu kingine humo. Alikuwa Torfi mwanzo mpaka mwisho.

Uma wa maandazi ulimponyoka Svanlaug.

"Ile ya katikati," alinong'ona. "Sikiliza ile ya katikati."

"Nasikia."

"Kaiacha juu kidogo."

"Aliiacha juu kidogo siku zote. Wateja walilalamika. Alisema inataka nafasi ya kupumua."

"Huyo ni kaka yangu," Svanlaug alisema, akakaa chini kwa kishindo kwenye kiti. "Miaka saba, mwanangu. Huyo ni kaka yangu kabisa."

Dagný alikuwa amesikia piano maisha yake yote, akijua vyuma vyake na mbao zake, na hakuwahi kuogopa namna hii mbele ya muziki, woga ule unaompata mtu mlima ukifunuka ghafla baada ya siku nyingi za mawingu. Baba yake alikuwa kwenye bakuli la unga la shangazi yake, mkubwa kuliko nyumba.

Aliandika kwa vidole vinavyoteleza: "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uisikie leo, umekaa mstari wa mbele. Halafu nikuulize kitu."

"Kitu gani?"

"Basi tu. Maji yameshamwagika."

Dagný akapiga simu.

"Tangazo limetoka?"

"Bergdís analiandika."

"Mwambie aweke simu chini. Huo muziki unatumia sauti ngapi za piano? Si za mashine. Za piano, mkono wako."

"Saba." Ketill alisikika amechoka. "Saba tu zinazojirudia. Kwa nini?"

"Zote za katikati?"

"Zote."

"Kila moja ina nyuzi tatu. Ishirini na moja. Na muziki ni dakika ngapi?"

"Thelathini na nne. Dagný, unataka kufanya nini?"

"Itaji..." Akajikata mwenyewe. "Hapana. Hilo neno tuliache leo, limetumaliza. Nakwambia kila kitu. Utapiga kama ulivyoandika, mashine ikiwa chini na piano ikiwa juu. Zigombane. Mimi nitasimama pembeni yako na ufunguo, niushushe uzi mmoja mmoja, mpaka piano ifike alipo baba."

Dagný alisikia ndege wa baharini upande wa pili wa simu, na ndege walewale kwenye dirisha la jikoni.

"Mbele ya watu?" Ketill aliuliza.

"Mbele ya watu."

"Tuzishushe sasa hivi basi, kuna saa nne nzima. Waje wakute tayari."

"Wakikuta tayari watasikia piano nzuri. Mimi nataka wasikie anavyorudi."

"Ukikosea je?"

"Piano iliyokazwa ghafla hutamani kurudi ilikotoka, Ketill. Kila fundi anajua. Mimi nitairuhusu tu."

"Njoo," Ketill alisema. Kisha akaongeza, "Viatu vyako viko hapa."

*

Saa kumi na moja jua lilikuwa bado juu kabisa, likipiga madirishani bila dalili ya kuchoka. Ketill alikuwa ameomba kimya kabisa, kwa hiyo hata wageni wa Berlin walivua viatu, na kibaraza kizima kilikuwa rundo la buti za wafugaji na viatu vya gharama vimelaliana. Watu mia mbili wakakaa na soksi zao. Bergdís alikuwa mstari wa mbele, uso wake kama wa mtu aliyepandishwa mashua asiyoiamini.

Piano ilikuwa imefunguliwa kifua, nyuzi zote nje. Dagný alisimama pembeni na begi la baba yake miguuni.

Ketill akaanza.

Kwa dakika za mwanzo ilikuwa vigumu kuvumilia, nisikudanganye. Kila sauti ya piano ilipokutana na dada yake wa kwenye spika walitetemeshana hewani, waa-waa-waa-waa, na watu wakaanza kutazamana. Mfugaji mmoja mzee wa kondoo, Hjörtur, akamwinamia Svanlaug.

"Piano imeharibika?"

"Nyamaza," Svanlaug akamwambia. "Inapikwa."

Dagný aliziba nyuzi mbili kwa kabari ya sufu, akavika ufunguo kwenye msumari wa uzi wa tatu, akausukuma nyuma. Kidogo sana, hata jicho halingeona. Ule mtetemo ukapungua mbio. Waa, waa, waa. Akasukuma tena. Waaa. Waaa. Ukawa mrefu, ukalegea, ukanyooka, na mahali pamoja kwenye ugomvi ule pakatulia. Mtu fulani nyuma alishusha pumzi kwa sauti.

Uzi wa pili. Wa tatu. Ketill alimsubiri, alipiga sauti ile aliyokuwa akiishughulikia tena na tena, bila haraka, mpaka amalize, ndipo waende pamoja kwenye inayofuata. Hawakutazamana. Baada ya sauti ya pili hawakuhitaji.

Kufikia uzi wa kumi na mbili hakukuwa na mtu ukumbini aliyekuwa akijikuna. Watu waliosema tangu asubuhi kwamba wanakuja kwa ajili ya maandazi walikuwa wameinua vichwa wanatazama dari, kana kwamba ukumbi ule waliozoea kuchezea karata ulikuwa umepandishwa paa wakiwa ndani. Kila uzi uliorudi nyumbani ulifungua kitu kwenye spika, na zile sauti ndefu zikazidi kuwa ndefu, moja ikimpisha mwenzake. Hjörtur, ambaye piano aliyoijua ni ya mazishi tu, alikuwa ametoa kofia, na machozi yalimshuka bila yeye kushughulika nayo.

Ukabaki uzi mmoja.

Wa ishirini na moja ulikuwa wa ile sauti ya katikati. Dagný alivika ufunguo, mkono ukakataa. Miaka saba alikuwa ameogopa kumtoa, jana akamtoa, na sasa aliogopa kumrudisha, kwa sababu baada ya hapo hakutakuwa na cha kufanya tena kwa ajili yake. Ketill alipiga sauti ile. Akaipiga tena. Hakumharakisha.

"Niko hapa," alisema kwa chini, midomo haikusogea.

Dagný alifumba macho, akasukuma. Mtetemo ukapunguza mwendo, ukawa kama pumzi ya mtu aliyelala, inakwenda, inarudi, inakwenda. Alikuwa karibu kuupita. Hapo akakumbuka: juu kidogo. Aliacha mkono ukiwa umbali wa unywele mmoja kabla ya pale masikio yake ya ufundi yalipotaka, pale baba yake angeacha.

Mtetemo ukaisha.

Hakuna aliyeweza kusema tena ipi ni piano na ipi ni mashine, ipi ya leo na ipi ya miaka saba nyuma. Ilikuwa sauti moja, imejaa kuta zote nne, na madirisha, na vifua vya watu. Ilikaa. Dagný alihisi inapita kwenye mbao za sakafu hadi kwenye nyayo zake. Akafungua macho, akaona mikono ya Ketill imekwishaondoka kwenye piano na sauti bado ipo.

Ilipozimika, hakuna aliyepiga makofi. Bergdís alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Swali lako lilikuwa nini?" Dagný alinong'ona.

"Sasa? Watu wanatutazama."

"Watu wamenitazama nikimrudisha baba yangu. Uliza."

Ketill, mtu aliyejaza kumbi za miji mikubwa, alisimama kama mtoto wa shule mbele ya mwanamke mwenye soksi zilizotoboka kwa kokoto.

"Nataka kubaki hapa. Nikae na wewe. Nikuoe, kama utanikubali. Berlin waje huku wakinitaka, njia wameshaijua."

"Miezi minne umenywa kahawa yangu, unalisema hilo leo?"

"Nilidhani litaji..."

"Usilitamke!"

Ndipo akamshika uso kwa mikono miwili yenye vumbi la nyuzi, akambusu, na ukumbi mzima ukalipuka. Svanlaug alipiga sahani ya maandazi kama ngoma.

"Jibu hatujalisikia!" Hjörtur akapaza sauti kutoka nyuma. "Wengine masikio yetu mabovu!"

"Ndiyo!" Dagný akamjibu. "Nimesema ndiyo, mzee!"

*

Walioana mwezi wa tisa, wiki moja baada ya kondoo kushushwa kutoka milimani, kwenye ukumbi uleule. Mpiga piano alikuwa mwalimu wa shule, binti mpole asiyejua habari yoyote. Alianza wimbo wa bibi na bwana harusi kwa ujasiri, na kwenye mstari wa pili akagonga mojawapo ya zile sauti saba. Ikalia chini ya wenzake. Akashtuka, akaendelea, akagonga nyingine. Nusu ya wageni walioimba walipanda na piano, nusu wakashuka nayo, na Svanlaug akaimba katikati kwa nguvu zote.

Walipofika kwenye keki mwalimu alikuja amejaa aibu.

"Dagný, samahani jamani. Piano ina sauti saba zimeshuka. Zile nyingine zote ziko sawa kabisa. Wewe ni fundi, hujaziona?"

Ketill alimtazama mke wake, maana siku hizi alikuwa amejifunza kuuliza.

"Unataka kuzipandisha?" alimuuliza.

"Hapana," Dagný alisema. Akamgeukia mwalimu. "Hizo sauti nyingine themanini na moja ni zangu. Hizo saba ni za baba. Ziache zikae pamoja."